Akiba Iliyooza: Muhogo, Virusi na Kumbukumbu Tuliyoiacha Amani

Wazee wetu walisema akiba haiozi. Mwaka jana nilikwenda Kwedizinga kwenye msiba wa upande wa mama. Baada ya kuanua tanga, mzee mmoja ambaye ni jirani wa ujombani alinichukua hadi shambani kwake. Alichagua shina la muhogo lenye majani ya kijani yasiyotia shaka, akaling'oa, akaukata mzizi kwa panga. Kwa nje mzizi ulikuwa mnene na wa kupendeza. Kwa ndani ulikuwa na mabaka ya kahawia, makavu na magumu, yaliyopenya hadi katikati. Hata mbuzi asingeula.

"Mwalimu," aliniambia, "mbegu hizi zililetwa na gari. Tukaambiwa zinastahimili maradhi. Misimu mitatu tumekula vizuri, tukauza na makopa. Sasa tazama. Wewe uliyesoma, hebu niambie: walitudanganya?"

Nilimjibu kwa maneno ya kiungwana ambayo hayakuwa jibu. Mimi nafundisha historia, maabara sikuzijua. Lakini swali lile lilinifuata barabarani hadi chuoni, na kadiri nilivyosoma ndivyo nilivyozidi kuona kwamba ni swali la historia, na kwamba sehemu kubwa ya jibu lake iliandikwa karibu mno na Kwedizinga, katika milima ya Usambara ambayo mtu wa Korogwe huiona kila asubuhi. Makala haya ni jibu langu kwa mzee yule, nililochelewa kulitoa.

Tuanze na thamani ya kitu chenyewe. Nchi ya Wazigua, yaani Handeni na sehemu za Korogwe, ni nchi ya mvua za kubahatisha. Kumbukumbu ya njaa huko ni ya kale. Wazigula wanaoishi hadi leo katika bonde la mto Juba nchini Somalia ni kizazi cha watu waliochukuliwa kutoka pwani yetu katika karne ya 19, na masimulizi yao ya asili huanza na njaa: watu waliokosa chakula wakashuka pwani, wakapandishwa majahazi, wakavushwa kwenda utumwani. Katika nchi ya namna hiyo, muhogo ni zaidi ya kitoweo cha futari au unga wa bada. Muhogo ni benki. Hauhitaji ghala, kwa kuwa ghala lake ni ardhi yenyewe. Mwenye shamba huuacha mwaka mzima au zaidi, akang'oa siku mahindi yanapokauka. Marehemu bibi yangu alikuwa na kipande cha shamba ambacho hakukigusa katika miaka ya neema. Tulipokuwa watoto tukimwuliza kwa nini, alisema kile si chakula chetu, ni chakula cha mwaka mbaya. Serikali ya kikoloni ya Waingereza nayo iliuona ukweli huo, ikawaamuru wakulima wa Tanganyika kupanda mihogo kuwa kinga ya njaa.

Ugonjwa unaoozesha mizizi ndani ya ardhi, huku majani yakidanganya kwamba mambo ni shwari, unamtia mkulima hasara ya mavuno, na zaidi ya hapo unavunja benki. Mkulima anayeogopa kuoza hung'oa mapema, mizizi ikiwa bado midogo, naye huuingia mwaka mbaya akiwa mikono mitupu.

Muhogo si mmea wa asili yetu. Ulitoka Amerika ya Kusini, ukaletwa Afrika kwa merikebu za Wareno. Lakini ugonjwa wa batobato, ule unaojikunja majani na kuyatia madoa ya njano na kijani, haukuja na mmea. Huko Amerika ya Kusini, kwao muhogo, virusi vya batobato hili havikuonekana mashambani. Wataalamu wanaamini kwamba vilikuwa vikiishi katika mimea ya asili ya Afrika, vikamrukia mgeni. Mwaka 1894 Mjerumani Otto Warburg aliueleza ugonjwa huo kwa mara ya kwanza katika maandishi ya kisayansi, na mahali alipopataja ni Usambara. Kwa maneno mengine, kumbukumbu ya kwanza duniani ya ugonjwa wa virusi vya muhogo inatoka mlangoni petu.

Mwaka 1902 Wajerumani walifungua taasisi ya utafiti wa kilimo na baiolojia pale Amani, Usambara Mashariki. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza ikawa mikononi mwa Waingereza, na mnamo mwaka 1928 akaja hapo mtaalamu wa maradhi ya mimea aitwaye H. H. Storey. Katika miaka ya 1930 Storey na mwenzake R. F. W. Nichols walithibitisha kwamba batobato huambukizwa na nzi weupe, wale wadudu wadogo wanaokaa chini ya jani, na pia kwa pingili zenyewe zinapokatwa kwenye shina gonjwa. Mwaka 1936 Storey aliripoti ugonjwa wa pili uliokuwa tofauti, ambao leo tunauita michirizi ya kahawia. Huo ndio aliouona mzee wangu kwenye ncha ya panga. Nao pia, kwa maandishi, ulizaliwa chini ya milima ya Usambara.

Jambo ninalotaka msomaji alishike limo katika utafiti wao wa mwaka 1938. Storey na Nichols waligundua kwamba batobato halikuwa na sura moja. Palikuwa na aina pole na aina kali. Mimea ya namna moja, ikiambukizwa kutoka mashina tofauti, iliugua kwa viwango tofauti. Hawakuwa na chombo cha kusoma vinasaba. Walikuwa na macho, subira na daftari. Hata hivyo walikuwa wameligusa jambo ambalo leo ndilo kiini cha elimu ya virusi: adui mmoja kwa jina anaweza kuwa wengi kwa asili.

Nitalieleza kwa mfano unaoeleweka ofisini. Kirusi ni waraka mfupi unaoishi kwa kunakiliwa. Kirusi cha michirizi ya kahawia ni uzi mmoja wenye herufi zipatazo 9,000. Virusi vya batobato vina vipande viwili, kila kimoja kikiwa na herufi zisizofika 3,000. Kila kirusi kinapozaliana, waraka hunakiliwa upya, na karani anayenakili si makini. Huruka herufi, hubadili neno. Makosa mengi huua nakala. Machache huipa nguvu mpya: kuzaliana upesi zaidi, kumpenda zaidi nzi mweupe, au kupenya katika mbegu iliyokuwa ikimzuia baba yake. Tena kuna njia ya pili, ya hatari zaidi. Virusi viwili tofauti vikikutana katika shina moja, karani anaweza kuanza kunakili waraka wa kwanza na kumalizia kwa ukurasa wa pili. Hapo huzaliwa kiumbe ambacho hakijawahi kuwapo.

Amani hawakuishia kwenye kutazama. Tangu katikati ya miaka ya 1930 walianza kutafuta mbegu ya kustahimili. Mihogo ya kawaida ilipowaangusha, waliichanganya na jamaa zake wa mbali, hasa mti wa mpira wa Ceará, ambao Wajerumani waliuotesha katika mashamba makubwa ya Tanga kabla bei ya mpira haijaanguka mwaka 1913. Mti ule ulioshindwa kibiashara ulikuwa na damu ngumu. Nichols, na baada yake D. L. Jennings, waliurudisha uzao huo kwa muhogo kizazi baada ya kizazi hadi wakapata mimea yenye mizizi ya kulika na yenye kuvumilia magonjwa yote mawili kwa kiwango kizuri. Hatuna budi kukumbuka pia kwamba vibarua waliolima, kuchavusha na kuhesabu mashina yale walikuwa watu wa milima na mabonde ya kwetu, ambao majina yao hayamo katika ripoti nilizozisoma.

Kisha, mwaka 1957, programu ile ikafikia mwisho. Makao makuu ya utafiti wa Afrika Mashariki yalikuwa yamekwishahamia Muguga, karibu na Nairobi, na Amani ikawa kituo cha utafiti wa malaria. Ninawaomba wasomaji watumishi wa umma waitazame tarehe hiyo kwa makini. Hakuna aliyetangaza kwamba virusi vimeacha kubadilika. Kilichokoma ni kutazama kwetu.

Mbegu zenyewe hazikufa, zilisafiri. Mbegu za uzao wa Amani uliojulikana kwa namba 5318/34 zilipelekwa Nigeria, na kutoka humo likachaguliwa shina lililoitwa 58308. Katika miaka ya 1970, taasisi ya kimataifa ya IITA mjini Ibadan ililitumia kuzalisha mihogo maarufu ya TMS. Mihogo hiyo ikasambaa Afrika, na hatimaye ikarudi Afrika Mashariki ikiwa msaada kutoka nje. Mjukuu wa Usambara alirudi nyumbani, akapokewa kama mgeni.

Na alirudi wakati wa dharura. Mwishoni mwa miaka ya 1980, kaskazini na katikati ya Uganda, batobato lilibadilika tabia. Mashamba yaliyolizoea kwa miongo mingi yalinyauka, na ugonjwa ukasonga kusini mwaka hadi mwaka kama moto wa nyika. Katika wilaya za mashariki na kaskazini watu walipata njaa. Kwa muda mrefu sababu haikujulikana. Mwaka 1997 vinasaba vilitoa jibu: kirusi cha batobato cha Afrika na kile cha Afrika Mashariki vilikuwa vimekutana, na katika kunakiliana kikazaliwa cha tatu, chenye mwili wa cha pili na kipande cha ganda la cha kwanza. Karani alikuwa amechanganya kurasa. Mwishoni mwa miaka ya 1990 kiumbe huyo alivuka mpaka akaingia Kagera.

Mihogo ya TMS na ndugu zake iliiokoa Uganda. Hapo ndipo historia ilipotega mtego wake. Mihogo hiyo ilichaguliwa Nigeria, ambako batobato lipo na michirizi ya kahawia haikuwapo. Kwa hiyo hakuna aliyeipima kwa adui wa pili. Kwa miaka mingi vitabu vilisema kwamba michirizi ni ugonjwa wa pwani na nyanda za chini, haupandi juu ya mita 1,000 hivi. Mwaka 2004 ulionekana Uganda, mahali palipo juu ya kimo hicho. Mihogo mingi iliyolishinda batobato ikaangushwa na michirizi, kwa sababu ngao iliyofuliwa dhidi ya mshale wa kulia ilikuwa wazi upande wa kushoto.

Safari hii walikuwapo Watanzania wa kusoma waraka. Mwaka 2009 mtafiti Deusdedith Mbanzibwa na wenzake walionyesha kwamba michirizi ya Bonde la Ziwa Victoria na michirizi ya pwani ya Bahari ya Hindi havikuwa kitu kimoja kwa vinasaba. Leo vinahesabiwa kuwa spishi mbili za kirusi, na zote mbili zimekwishaonekana pwani na bara. Utafiti uliotangazwa mwaka 2016 uliongeza kwamba ile spishi tuliyoizoea pwani ndiyo inayobadilika kwa kasi zaidi. Kabla ya hapo, mwaka 2005, Joseph Ndunguru na wenzake, baada ya kuchambua virusi vya batobato kutoka pembe za Tanzania, walitoa hoja kwamba Afrika Mashariki ni kitovu cha anuwai ya virusi hivyo. Zanzibar peke yake imetoa kirusi cha batobato kilichopewa jina lake. Hii ina maana kwamba sisi hatukai kwenye pembezoni ya tatizo hili. Tumekaa katikati yake.

Mtu asidhani kwamba haya ni masaibu ya zao la maskini. Wafugaji wa samaki aina ya samoni nchini Norwei, wenye fedha na maabara, waliona mwaka 1984 ugonjwa uliowaua samaki wao kwa kuwamaliza damu. Baadaye iligunduliwa kwamba kirusi chake kina ndugu anayeishi ndani ya samaki bila kumdhuru, na kwamba kupotea kwa kipande kidogo cha waraka wa vinasaba ndiko kunakoandamana na ukali. Mwaka 2007 ugonjwa huohuo uliitikisa Chile, upande wa pili wa dunia, na kuiporomosha sekta nzima. Kanuni ni moja, iwe kwa samaki wa tajiri au kwa muhogo wa bibi yangu: ukikusanya viumbe wanaofanana mahali pamoja, ukawahamisha bila kuwapima, unamfungulia adui shule.

Tofauti iko katika kinachofuata. Penye fedha, mtu hulipwa kukitazama kirusi mwaka hadi mwaka. Kwetu, kutazama kumekuwa kwa vipindi: kulikuwapo chini ya ukoloni kwa sababu za ukoloni, kukakoma; kukafufuliwa na Jumuiya ya Afrika Mashariki pale Muguga, ambako K. R. Bock na wenzake walisaidia kuthibitisha kirusi cha batobato ni kipi. Kisha Jumuiya ikavunjika mwaka 1977, na kila nchi ikabaki na alichobakiwa nacho. Tangu hapo tumejenga upya. Tuna kituo cha Mikocheni jijini Dar es Salaam, tuna TARI iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 2016, tuna TOSCI ya kuthibitisha ubora wa mbegu. Watafiti wetu wamekwenda mashambani na kifaa kidogo cha kusoma vinasaba, wakampa mkulima jibu papo hapo shambani kwake. Sina nia ya kuwabeza, nawasifu. Swali langu ni kwa bajeti. Kazi kubwa ya namna hii hutegemea miradi ya wafadhili, na mradi una tarehe ya kufungwa. Kirusi hakina.

Kuna upande mmoja wa historia hii unaonipa matumaini, na haukuandikwa na serikali yoyote. Kusini mwa nchi yetu wakulima walikuwa na muhogo waliouita Namikonga; pwani ya Kenya ulipandwa kwa jina la Kaleso. Katika kutafuta mihogo inayoihimili michirizi, watafiti waliukuta huo ukiwa miongoni mwa iliyo imara kuliko yote. Walipofuatilia asili yake ulielekeza Amani, kwenye uzao wa namba 46106/27. Vinasaba vikaonyesha hata alama za mti wa mpira wa Ceará ndani yake. Taasisi ilifungwa, mafaili yakahamishwa, wazungu wakaondoka. Wakulima wakaendelea kukata pingili na kupeana kwa miaka zaidi ya hamsini, bila mshahara na bila kujua namba. Wao ndio waliokuwa nyaraka za taifa.

Sasa namrudia mzee wangu wa Kwedizinga. Shikamoo, mzee. Hapana, sidhani kwamba walikudanganya, walikuambia nusu. Mbegu uliyopewa ilistahimili kile ilichopimwa nacho, siku ilipopimwa, mahali ilipopimwa. Walipaswa kukueleza mambo matatu. La kwanza, kustahimili batobato si kustahimili michirizi. La pili, pingili hubeba ugonjwa kutoka msimu hadi msimu, na nzi weupe huongeza kutoka kwa jirani. Ukikata mbegu ndani ya shamba lako mwenyewe bila kuchagua mashina safi na kung'oa magonjwa, msimu wa nne utavuna maradhi ya misimu mitatu. La tatu, adui mwenyewe hujinakili upya kila siku, hivyo hakuna mbegu ya milele. Gari lililoleta mbegu lilipaswa kurudi kila mwaka. Lilikuja mara moja, likapigwa picha, likaondoka.

Kwa wanafunzi wangu: msiiache sayansi kwa wanasayansi peke yao. Nani anafadhili kutazama, nani anaamua kuacha, na nani anabaki na mzizi mbovu mkononi, hayo ni maswali ya siasa na historia. Kwa wanaharakati: haki ya mbegu haiishii kwenye kupinga makampuni, idai pia mbegu safi iliyopimwa, karibu na kijiji, kwa bei ya mkulima. Na kwa watumishi wa umma: siku mtakapopitisha bajeti ya utafiti, kumbukeni mwaka 1957. Kufunga daftari ni rahisi na hakuna anayelia siku hiyo. Kilio huja miaka thelathini baadaye, katika shamba la mtu ambaye hakuwahi kusikia kwamba daftari lilikuwapo.

Bibi yangu hakujua kusoma, lakini alijua jambo ambalo mawizara husahau. Kila msimu aliingia katika kile kipande cha mwaka mbaya, akang'oa shina moja, akalikata, akalitazama kwa ndani. Akiba haiozi kwa mtu anayeikagua.